Mwezi Ukiwa Mkubwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Unasihi Katika Shule ya Kata

Kikaratasi kilichomleta kijana huyu kwenye chumba cha unasihi kilikuwa na maneno matano: "Mtoro, msinziaji, jeuri. Mshauri tafadhali." Mwalimu wa nidhamu alikiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya karatasi ya jaribio la hisabati, asubuhi ile ile kijana alipokataa kupiga magoti mbele ya wenzake. Hakutukana wala hakukimbia. Alisimama tu, mikono nyuma, akimtazama mwalimu machoni, na hilo ndilo lililoitwa ujeuri.

Alikuwa kidato cha pili, umri miaka 15. Shule yenyewe ni ya kata, pwani ya Tanga, mojawapo ya zile zilizochipuka kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004. Chumba cha unasihi ni stoo ya vifaa vya michezo: nyavu za mpira wa wavu, jezi zilizofungwa kwenye shuka, viti viwili vya plastiki. Mwalimu mnasihi nitamwita Madamu, kama wanafunzi wanavyomwita. Anafundisha Kiswahili na Uraia, vipindi 26 kwa wiki, na unasihi ni mzigo juu ya mzigo. Miaka ya nyuma alipata semina ya siku tano, akapewa cheti. Wakati wa kisa hiki alikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya juu ya unasihi, na mimi nilikuwa msimamizi wake. Kila baada ya wiki mbili alileta mazungumzo yake na mwanafunzi, yameandikwa neno kwa neno kadiri alivyoyakumbuka, tukayasoma pamoja.

Kisa nimekiunga kutoka kwa zaidi ya mtoto mmoja na zaidi ya shule moja, ili asipatikane wa kusema anamjua. Makosa yaliyomo nimeyaacha kama yalivyokuwa, na mengine ni yangu.

Kikao cha kwanza, jinsi kilivyoandikwa

– Shikamoo madamu.
– Marahaba. Karibu, kaa. Usiogope. Chochote utakachosema hapa hakitatoka nje ya mlango huu.
– Sawa madamu.
– Nimeambiwa unasinzia darasani, na siku nyingine hufiki kabisa. Tatizo ni nini mwanangu?
– Hakuna madamu.
– Hakuna vipi? Mama yupo nyumbani?
– Alifariki.
– Ah, pole sana. Lini?
– Mwaka jana, mwezi wa kumi.
– Pole. Sasa ndiyo usome kwa bidii, ili huko aliko afurahi. Si unajua bibi yako anakutegemea?
– Ndiyo madamu.
– Na upimaji wa kidato cha pili ndio huo unakuja. Ukifeli utarudia darasa, wenzako wakuache. Unataka hivyo?
– Hapana madamu.
– Basi jitahidi.
(Kimya.)
– Usiku mwingine natamani taa izimike tusirudi.
– Usiseme hivyo mwanangu. Mungu hapendi maneno hayo. Umesikia?
– Ndiyo madamu.

Yalikuwepo mengine kabla na baada, lakini hiki ndicho kiini. Madamu alipomaliza kusoma alisema kikao kilikwenda vizuri, kijana alionekana ameelewa, na aliondoka akishukuru.

Nilimwomba anihesabie kijana alisema "ndiyo madamu" mara ngapi katika karatasi nzima. Mara kumi na moja. Nikamwomba anisomee sentensi ambazo kijana alizianzisha mwenyewe bila kuulizwa. Ilikuwepo moja tu, ile ya taa.

Hapo tukakaa nayo karibu saa nzima, na ningependa msomaji naye akae nayo kidogo. Taa gani? Tusirudi kutoka wapi? Wingi ule, "tusirudi", ni yeye na nani? Maswali matatu yalikuwa yamelala mezani, na kila moja lingeufungua mlango. Badala yake kijana alipewa hukumu: Mungu hapendi. Mtoto wa Kiislamu wa pwani anajua vizuri Mungu anapenda nini na hapendi nini, hakuhitaji kukumbushwa stoo. Kwa lugha nyepesi, aliinua kona ya pazia, mtu mzima akaishusha.

Jina la kazi yetu linatuponza

Nitoke nje ya kisa kidogo. Nimesimamia walimu wanasihi kwa muda, na kosa hili la Madamu silioni kama la mtu mmoja. Kazi yetu kwa Kiswahili inaitwa ushauri nasaha. Mshauri hutoa shauri, na nasaha nayo ni maonyo mema. Jina limekwisha kumwagiza mwalimu aseme kabla mtoto hajaketi. Mtoto naye anajua utaratibu: mkubwa akitoa nasaha, mdogo huitikia, huinamisha kichwa, hushukuru. "Ndiyo madamu" kumi na moja si dalili ya kuelewa. Ni adabu.

Neno nasaha lina upande mwingine ambao tumeuacha. Wanazuoni wa Kiarabu, wakieleza asili yake, huligusisha na kitendo cha kushona nguo iliyochanika. Nalipenda hilo. Fundi cherehani huitandaza nguo kwanza, huitazama imechanikia wapi, ndipo hutia sindano. Madamu alitia sindano akiwa hajaitandaza nguo.

Semina nyingi fupi hufundisha masharti matatu ya mwanasaikolojia Carl Rogers: kumwelewa mtu kwa ndani, kumkubali bila masharti, na mnasihi kuwa mkweli wa nafsi yake. Walimu huyakariri vizuri, na Madamu alikuwa nayo kwelikweli, anawapenda watoto wale kama wa tumboni mwake. Lakini andiko la Rogers la mwaka 1957 lilikuwa na masharti sita, na la sita ndilo linalosahaulika: huo uelewa na huo ukubali lazima umfikie mwenye shida, japo kwa kiasi kidogo. Huruma iliyobaki moyoni mwa mnasihi, mbele ya mtoto haijawa huruma. Kwa kijana huyu, upendo wa Madamu ulivaa nguo ya mawaidha, akasikia mawaidha.

Nilimuuliza Madamu sentensi ya "ili huko aliko afurahi" ameitoa wapi. Alinyamaza, akakunja karatasi, akaikunjua. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita, Njombe, na baba mkubwa alimwambia maneno hayo hayo pale msibani, wakiwa bado hawajarudi kutoka makaburini. "Na mimi nilisoma kweli," aliniambia, "lakini sikulia mpaka nilipozaa." Tangu Freud alipolitaja mwaka 1910, jambo hili lina jina na maandiko yake: hisia za mnasihi mwenyewe zinazoamshwa na anayemsikiliza. Ukilisoma kitabuni ni nadharia tu. Ukiliona limekaa mbele yako likikunja karatasi, unaelewa kwa nini mafunzo ya juu hayaishii kwenye vitabu na mtihani.

Kikao cha pili

Tulikubaliana aanze kwa kusahihisha ahadi. "Hakitatoka nje ya mlango huu" ni ahadi ambayo hakuna mnasihi wa shule anayeweza kuitimiza mbele ya mtoto. Yapo mambo lazima yatoke: mtoto akiwa hatarini, akitaka kujidhuru, akidhuriwa. Mtoto aambiwe hivyo mwanzoni kabisa, kwa maneno mepesi, kabla hajasema lolote. Madamu alisema hivi:

– Juzi nilikuahidi kitu kikubwa kuliko uwezo wangu. Mengi tutakayosema yatabaki hapa. Lakini nikiona maisha yako yako hatarini sitakaa kimya, nitatafuta msaada, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nitamwambia nani. Umenielewa vipi?

"Umenielewa vipi" ni swali zuri kuliko "umesikia", kwa sababu halijibiki kwa ndiyo. Kijana alijibu: "Ukiona nakufa utasema." Ilitosha.

Kisha akarudi kwenye taa. Hili lilimtisha Madamu kuliko yote, na linawatisha wanasihi wengi. Hofu ni kwamba ukimuuliza mtoto kuhusu kujiua utakuwa umempa wazo. Sivyo. Kuuliza waziwazi hakupandi mbegu. Mara nyingi humpunguzia mtoto mzigo wa kulibeba peke yake. Kinachodhuru ni kuzunguka, kwa sababu mtoto akikuona unaogopa hata kulitamka, anajua hapa si mahali pa kulisema. Tulifanya mazoezi, mimi nikiwa kijana, yeye akiliuliza swali mpaka sauti ilipoacha kutetemeka.

– Siku ile ulisema unatamani taa izimike msirudi. Nilikukatiza, nilikosea. Je, umewahi kufikiria kujiua?
– Hapana madamu. Sitaki kufa. Nataka kulala.

Hakuridhika na hapana ya kwanza, na alifanya vyema. Aliuliza kama kuna siku alishawahi kujaribu kujidhuru, kama amewahi kupanga, na siku akizidiwa humkimbilia nani. Majibu yalikuwa hapana, hapana, na "bibi, lakini bibi naye analia". Aliyaandika yote na tarehe.

Kisha akajaribu swali alilojifunza wiki chache kabla, na hapa ndipo kisa kilipogeuka kwa namna ambayo sote wawili hatukuipanga. Katika unasihi unaolenga ufumbuzi, ulioasisiwa Milwaukee na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, lipo swali maarufu la muujiza: tuseme leo usiku umelala, na ukiwa usingizini shida yako ikaisha kimiujiza, asubuhi ukiamka utajuaje? Ni swali lenye nguvu, kwa sababu linamtoa mtu kwenye shida na kumpeleka kwenye maisha anayoyataka. Madamu aliliondoa neno muujiza, maana mitaani kwetu neno hilo lina mabango ya mikutano ya injili na lina waganga. Akaanza: "Tuseme leo usiku umelala..."

– Usiku silali madamu.

Swali likafia kwenye sentensi yake ya kwanza, na ni heri lilikufa. Mwanafunzi mbichi wa nadharia angemwambia "tuseme tu". Madamu aliiacha nadharia akamfuata mtoto.

– Hulali usiku wote, siku zote?
– Siku nyingine nalala.
– Siku zipi?
– Mwezi ukiwa mkubwa.

Hakufahamu. Aliandika pembeni ya karatasi yake, kwa penseli: mwezi? imani? mashetani?

Daftari na kalenda

Kwenye kikundi chetu cha usimamizi walikuwamo walimu wengine watatu. Mmoja alisema moja kwa moja kwamba hayo ni mambo ya majini, kijana apelekwe kwa shehe akasomewe. Mwingine, aliyekuwa ametoka kusoma nadharia ya Aaron Beck ya kuchunguza na kunyoosha fikra na bado anaiona kila mahali, akapendekeza kijana apewe shajara ya kuandika fikra hasi zinazomjia usiku, kisha zipimwe moja moja kama zina ushahidi.

Mimi ni mtoto wa pwani, nilijua pale pale. Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza. Chombo hutoka jioni, saa ya magharibi, taa huwashwa baharini, samaki hukusanyika kwenye mwanga, wavu huzungushwa, watu hurudi alfajiri. Mwezi ukipevuka taa haina kazi, kwa sababu bahari nzima imeangazwa. Siku hizo vyombo huvutwa pwani, nyavu hushonwa, mabaharia hulala. Madamu ametoka nyanda za juu, ambako mwezi ni mwezi tu.

Lakini sikusema. Nilidhani ni nafasi nzuri ya kufundisha, nikamwambia achukue daftari la mahudhurio, alilinganishe na kalenda ya Kiislamu, aniambie anaona nini. Leo nalitazama jambo hilo na sijifurahii. Usalama wa mtoto si kitendawili cha kumtegea mwanafunzi wa unasihi. Kila usiku niliouacha upite kijana alikuwa juu ya maji, tena upepo wa kusi unavuma.

Kwa bahati Madamu hakungoja. Jioni ile ile alikaa ofisini na daftari, na kalenda ya madrasa aliyoiazima kwa mama anayeuza mihogo ya kuchemsha langoni. Alichora msitari kwa penseli chini ya kila siku ambayo kijana hakuwepo, miezi ya Mfungo Nne na Mfungo Tano (Muharram na Safar). Kuanzia kama tarehe 10 mpaka 18 za kila mwezi mwandamo daftari lilikuwa safi: yupo, yupo, yupo. Tarehe 13, 14 na 15, siku nyeupe ambazo wengine hufunga sunna, katika miezi yote miwili hakukosa kipindi hata kimoja. Nje ya hapo, alama za utoro zilitapakaa kama dagaa walioanikwa. Alinipigia simu saa mbili usiku. "Mwalimu, anavua," akasema. Hakusalimia.

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya kikao cha kwanza. Usiku mwingine natamani taa izimike tusirudi. Ilikuwa na kila kitu: taa ya kuvulia, chombo, wenzake. Mtoto alikuwa amekwisha kusema.

Na ile shajara ya fikra hasi? Nadharia ya Beck ina heshima yake, nami huitumia sana kwa wanafunzi wenye hofu ya mtihani. Lakini inataka fikra iliyopinda ndipo uinyooshe, na fikra za kijana huyu hazikuwa zimepinda popote. Mtu wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Yeye alikuwa akipata mbili, kati ya swala ya alfajiri na kengele ya mstari, na alijua vizuri kwamba amechoka. Kujua nadharia nyingi kuna hatari hii, kwamba unaanza kumtafutia mtoto ugonjwa unaofanana na dawa uliyonayo mkobani.

Fimbo

Kikao cha tatu kijana hakuja. Madamu alidhani amerudi baharini. Daftari likaonyesha alikuwepo shuleni.

Ilichukua siku kadhaa kulijua. Wiki ile Madamu alikuwa mwalimu wa zamu, na zamu maana yake ni kusimama langoni asubuhi na fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Langoni saa moja na nusu asubuhi kitabu hicho hukioni. Waliochelewa walipigishwa magoti, kijana akiwa wa sita. Madamu akapita na fimbo, na alipofika kwake akamruka, akaendelea na wa saba.

Alifanya kwa huruma, lakini wenzake waliona. Mpaka mapumziko alishapewa jina: mtoto wa madamu. Mwalimu wa nidhamu naye aliona, akasema ofisini kwamba unasihi unaharibu watoto.

Kwenye usimamizi tulilitazama jambo hili kwa muda mrefu kuliko nadharia yoyote. Kama angempiga, uhusiano ungevunjika. Hakumpiga, nao ukavunjika vilevile, kwa sababu alimweka uchi mbele ya darasa: kila mtu sasa alijua anaingia stoo kufanya nini. Tatizo lilikuwa kwamba mkono ule ule unashika fimbo na unafungua mlango wa stoo, na hilo haliponi kwa ustadi wa kusikiliza. Lilihitaji barua. Madamu alimwandikia mkuu wa shule akiomba abadilishiwe zamu ya lango apewe zamu ya jikoni na mazingira, na akaeleza sababu bila kumtaja mwanafunzi yeyote. Mkuu wa shule, ambaye nilimtarajia akatae, alikubali siku hiyo hiyo. Alisema hakuwahi kufikiria kwamba jambo hilo ni tatizo.

Kwa kijana, Madamu aliomba radhi. Maneno yake yalikuwa mafupi: "Pale langoni nilikuaibisha nikidhani nakusaidia." Kijana akasema si kitu. Kisha akarudi.

Nani aambiwe

Kikao cha tatu kilichofanyika kweli kilitoa habari yote. Mama aliugua miezi mitano. Mjomba alikopa kwa tajiri wa chombo, kwanza nauli na dawa, baadaye sanda na chakula cha matanga. Deni hulipwa kwa jasho: fungu la mjomba likatwe, na kijana aingie chomboni kama baharia wa pili wa nyumba ile. Hakuna aliyemlazimisha kwa fimbo. Mjomba alimwambia tu, "Wewe ndiye mwanaume sasa."

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa haina utata. Kwenda baharini imetajwa kwa jina miongoni mwa kazi za hatari zisizofanywa na aliye chini ya miaka 18, na mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa anatakiwa kuipeleka kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo swali halikuwa kama Madamu atasema. Swali lilikuwa atasemaje bila kugeuka yule aliyeahidi kisha akasaliti. Na hapa lile sahihisho la mwanzo wa kikao cha pili lililipa.

– Unakumbuka nilisema nini kuhusu kukaa kimya?
– Ukiona nakufa utasema.
– Naona bahari usiku ni hatari kwako. Lazima nimwambie mtu wa ustawi wa jamii. Kabla ya hapo, unataka nani wa nyumbani alisikie kwanza, na alisikie kutoka kwa nani?
– Bibi. Lakini usimwambie kuhusu taa.
– Ile uliyotamani izimike?
– Ndiyo.
– Hiyo ni yako. Sitamwambia.

Mtaalamu mwenzangu mmoja alibisha kwamba bibi alistahili kulijua hilo pia. Sikubaliani naye. Madamu alishapima hatari, hapakuwa na nia wala mpango, na aliendelea kuipima kila kikao. Kilichobaki kilikuwa maumivu ya kijana, na maumivu yake ni mali yake.

Walikwenda nyumbani Jumamosi asubuhi, Madamu akiwa na khanga begani na kilo ya sukari, kwa sababu huingii nyumba yenye msiba wa mwaka mikono mitupu. Bibi alisikiliza, akasema alijua kwamba mjukuu hutoka usiku lakini aliambiwa analinda nyavu ufukweni. Hakupiga kelele. Alimwita mjomba, na mazungumzo ya wawili wale yalifanyika chumbani, Madamu akibaki barazani akinywa chai iliyopoa. Afisa ustawi wa jamii wa kata alifika wiki iliyofuata. Nilikuwa na wasiwasi naye, nimeona maafisa wanaoanza na polisi, lakini huyu alianza na tajiri wa chombo, akamwonyesha kifungu cha sheria, akamuuliza kama angependa kuzungumzia deni au kuzungumzia mahakama. Wakazungumzia deni. Mjomba ataendelea kukatwa, muda utarefushwa, na kijana atabaki nchi kavu. Jumamosi atasaidia kuanika dagaa kwenye vichanja, mchana, kwa malipo yake.

Isomeke vizuri: haikwenda kama maandishi. Giza lililofuata kijana alitoka usiku mara mbili. Mjomba aliumwa mgongo, chombo kilipungukiwa na mtu, na mtoto alijipeleka mwenyewe. Madamu alipolisikia alitaka kuacha kisa, alijiona ameshindwa. Nilimkumbusha kwamba kabla ya hapo kijana alikuwa akitoka karibu kila usiku wa giza. Yeye na kijana walilipima kwa ngazi, sifuri ikiwa "niko chomboni kila usiku" na kumi "naamka nyumbani kila siku". Kijana alijiweka kwenye saba, na alipoulizwa kwa nini si tano akaeleza kwa urefu, mara ya kwanza kuongea zaidi ya sentensi tatu bila kusukumwa.

Mama

Kikao cha tano kijana alianza kuzungumza habari za mama yake, bila kuulizwa, akichezea kamba ya wavu wa mpira. Alieleza siku ya mazishi. Aliingizwa kaburini pamoja na wajomba kumpokea mama, akashika upande wa miguu, shuka imetandwa juu yao. Alikumbuka kwamba chini mle kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo mbichi, na kwamba mtu alimwambia asilie kwa sababu machozi yatadondoka kwenye sanda. Hakulia. Siku ya tatu matanga yaliondolewa, siku ya nne alikuwa chomboni.

Madamu alikaa kimya. Kwenye karatasi yake aliandika: kimya, kama dakika tatu. Aliniambia alikuwa na nasaha nne tayari mdomoni, akazihesabu, akazimeza.

Watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka 1999 kwamba mfiwa mwenye afya huenda na kurudi: mara anaukabili msiba, mara anaukimbia akashika shughuli za maisha, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Mtu wa pwani haoni jipya hapo, maji hupwa na hujaa. Kijana wetu alikuwa amezuiliwa upande mmoja. Maisha yalimpa shughuli tupu, usiku baharini, mchana darasani, na hayakumpa saa moja ya kuhuzunika. Ndiyo maana sikutaka vikao viishe mara tu suala la chombo lilipotulia, ingawa mkuu wa shule na mwalimu wa nidhamu waliona kazi imekwisha: mtoto yupo darasani, kuna nini tena?

Vikao vilifika saba. Kabla ya upimaji wa kidato cha pili, kijana na bibi walifanya hitima ya mwaka wa mama, ndogo, na kijana aliwaalika marafiki watatu wa darasani. Madamu alialikwa pia, akaenda, akakaa upande wa wanawake akimenya vitunguu.

Mwezi wa Mfungo Saba, giza lilipoingia, daftari lilionyesha siku mbili za utoro, Jumatatu na Jumanne. Madamu alimsubiri Jumatano mlangoni pa stoo, moyo umeshuka.

– Ulitoka na chombo?
– Hapana madamu. Nililala.
– Siku mbili?
– Ya kwanza nililala. Ya pili niliogopa kuja kusema nililala.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameshaziandika zote mbili kwa kalamu nyekundu.